Ukungu wa Kuendea na Ukungu wa Kukalia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tukishuka kutoka Kirushya kwenda Kanazi kumposea kaka yangu. Nilibeba kichwani kibuyu cha pombe ya ndizi. Baba mdogo alitangulia na fimbo yake. Kwetu, kibuyu cha ukweni hakigusi ardhi njiani. Kikigusa mnarudi nyumbani, na binti huenda akaposwa na wengine.

Kule juu ukungu ulikuwa mwepesi. Migomba ilisimama kama watu waliosahau walikokuwa wakienda, nami nikatembea kama ninayeota. Nikajitia kumfundisha baba mdogo: shuleni tumeambiwa ukungu huu Waingereza wanauita mist, na ule mzito wanauita fog.

"Maneno mawili?" akacheka. "Basi nao wameteleza sana humo."

Tulipokaribia mto bondeni, dunia ikafutika. Baba mdogo akasimama.

"Unaviona vidole vyako vya miguu?"

"Sivioni, baba. Lakini njia naijua."

"Wewe unaijua. Yenyewe inajua kuwa leo unakuja? Kaa."

"Wakwe watasema tumewadharau!"

"Waseme. Kwani unaoa wewe? Kaa."

Nikakaa, kibuyu nimekipakata kama mtoto mchanga. Maji yalisikika kila upande, hata nyuma yetu. Baba mdogo akapaza sauti, akauita ukoo wa wakwe. Akaita tena. Ndipo sauti ya bibi mzee ikaja kutoka ng'ambo, laini, kana kwamba ukungu wenyewe unasema:

"Msivuke! Magogo ya kuvukia yamechukuliwa na maji. Na sisi tumekaa!"

Ukungu ulipoinuka tukaonana, wao kule, sisi huku, na maji ya kahawia yakipita mbele kidogo tu ya miguu yangu. Yule bibi akanitazama nilivyokikumbatia kibuyu.

"Hawa wanajua kupakata," akasema. "Zungukeni kwa juu, mje mchukue mtu wenu."

Shemeji yangu hunicheka kwa hilo mpaka leo.

Tangu hapo nimezurura sana, Biharamulo na mbele yake, na miguu bado inatamani njia. Mwenda pole hajikwai, ni kweli, ila kuna siku hata upole hautoshi. Mwanangu, ukiiona miguu yako, nenda, hata kama mbele kumefifia. Usipoiona, kaa. Usitue ulichobeba, na usinyamaze, ita. Pengine ng'ambo nao wamekaa wanakungoja.

Mungu akujalie kuiona miguu yako, na siku usiyoiona, akupe sauti ya kukuitikia.