Maziwa Matupu

Vijidudu vyetu vilitoka kwenye kinyesi cha watoto wa nguruwe ambao hawakuharisha hata wenzao walipougua. Maabarani tulivipitisha kwenye asidi kali kama ya tumboni, kisha kwenye nyongo. Vilivyobaki hai tukavipambanisha na bakteria wa kuhara. Vilivyoshinda tukavichanganya na maziwa, tukavileta kijijini Masanze ili wafugaji wawanyweshe watoto wa nguruwe wao.

Kazi ya kueleza naipenda. "Utumbo ni kama mabenchi ya kanisani," niliwaambia wafugaji. "Wema wakiwahi kukaa, wabaya watakosa nafasi. Lakini ukichoma ovyo sindano za kuua bakteria, unawafukuza wote." Nikaongeza kwamba baadhi ya mabanda yatapewa maziwa matupu, ili tulinganishe. Wote waliitikia. Nadhani kila mmoja alimfikiria jirani yake.

Mama mmoja, aliyehamia na familia kutoka Kanda ya Ziwa, aliangukia kwenye kundi la maziwa matupu. Chupa zilifanana, aliyejua ni mimi tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wadogo zako wa bandani wamelamba mpaka tone la mwisho!" Kisha alikuwa ananifungia mayai. Nilikuwa nayapokea, na njiani kurudi Kilosa yananilemea kuliko mzigo wote.

Halafu watoto wa nguruwe wake wakaanza kuhara. Nilikuta mmoja amekufa, wengine wamelala, mikia imelowa. Utaratibu wetu uliruhusu kumtibu mgonjwa yeyote, nikatoa sindano. Mama akasimama mlangoni mwa banda.

"Hapana. Utawafukuza wale wema."

"Mama, hawa watakufa."

"Si wewe uliyesema? Waache wapigane. Kosa ni langu, labda sikufagia vizuri."

Banda lile lilikuwa safi kuliko jiko langu.

"Mama, chupa zako hazina kitu. Ni maziwa tu. Hakuna wa kufukuzwa."

Alinitazama. "Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Nawanywesha, unaniangalia, unasema hongera?"

"Ndiyo, mama."

Akaingia bandani, akamnyanyua wa kwanza na kumbana kifuani. "Choma."

Walipona, isipokuwa mmoja, aliyekuwa mdogo kabisa. Banda la mama tukalitoa kwenye utafiti, maana alishajua chupa zake zina nini. Kwa jirani yake, kama kwa wengine waliopewa maziwa yenye vijidudu, hakuna mtoto wa nguruwe aliyeharisha. Ndivyo tulivyojua kwamba vijidudu tulivyovichagua vinafaa. Nguruwe wa mama alipozaa tena, nikampelekea chupa yenye vijidudu. Aliiinua kwenye mwanga.

"Na hii ina waumini?"

"Ina, mama."

Hakucheka. Aliiweka chini taratibu, akaenda kumuuliza jirani kama kweli wa kwake hawakuharisha.