Kigeugeu Bila Sauti

Tangu nipate akili sikuwahi kumsikia shangazi yangu akimwomba mtu msaada. Siku aliyoomba aliniomba mimi, na mimi nikamwangusha. Nalisema mapema ili huko mbele usije ukadai nilikuficha.

Alikuwa dada wa baba, walifuatana kuzaliwa, mwembamba wa mwili na mpana wa mdomo. Aliwahi kuolewa mara moja akaachika. Watu walipomuuliza mbona hatafuti mwingine, alijibu kwamba yule alikuwa wa mazoezi na mazoezi yamemtosha. Alikodi chumba kimoja cha barabarani, kati ya kinyozi na duka la dawa ninapouza mimi, akakifanya chumba cha gemu. Wenzake wa kazi hiyo huweka mashine mpya na gemu za mpira wa miguu. Yeye aliweka mashine mbili za kale, zile za kaseti, ambazo bila kupulizwa vumbi haziwaki, na alipata wateja kuliko wote. Alizitengeneza kwa mkono wake. Mezani kulikuwa na bisibisi sita, kopo la spiriti, na mswaki aliousugulia meno ya kaseti. Ukutani aliandika kwa chaki: "Ukishindwa usiibamize pedi. Pedi haijakukosea." Pedi ndicho kile kidude cha vitufe cha kuchezea, na ole wako akukute umekiangusha.

Waliokuja pale walikuwa watu wazima na kazi zao. Kinyozi alikuja akiwa hana kichwa cha kunyoa, fundi viatu alikuja mchana, na muuguzi mmoja alikuja akitoka zamu, bado kavaa sare. Wote walifuata gemu moja. Kuna kimtu chenye kofia ya chuma kinachokimbia, kinaruka mashimo, kinapanda ngazi, kinapiga risasi. Gemu hiyo ilitoka sehemu nyingi na shangazi alikuwa nazo nne, lakini balaa ilikuwa sehemu ya tatu. Mwisho wa ngome alikaa bosi, yaani adui wa mwisho, roboti asiye na umbo lake mwenyewe. Akiingia ni kopo tu lenye jicho jekundu, kisha anageuka.

Tulimwita Kigeugeu. Kinyozi alisema roboti yule akigombea uongozi atapita bila kupingwa.

Maumbo yake tulikuwa tumeyapa majina. Mwashi alirusha matofali, na dawa yake ilikuwa kuruka. Jokofu alimwaga barafu sakafuni, ukipanda juu umepona. Seremala alitupa msumeno unaokwenda na kurudi, ilibidi uuhesabu. La mwisho ndilo lililowatoa watu jasho, kwa sababu aligeuka kuwa wewe mwenyewe, kofia ileile, risasi zilezile. Ukimwendea kwa ubabe anakumaliza kwa silaha yako. Ukiacha mikono itulie, anachoka kungoja, anakusogelea, hapo unamrukia kichwani. Rahisi kusema. Miaka mitano pale chumbani sikuona mtu aliyemwangusha Kigeugeu isipokuwa shangazi, naye alimwangusha akiwa amekaa benchi la nyuma kabisa, anapiga soga.

Nilidhani ni macho makali. Kumbe hakuwa na macho.

Nililijua hilo dukani kwangu. Alikuja na kichwa kinamgonga, akachomoa karatasi mfukoni akaniambia nimpe dawa iliyoandikwa hapo. Nikaisoma. Haikuwa ya kichwa. Ilikuwa ya kliniki ya macho, ya miezi minane nyuma: presha ya macho, jicho la kulia limekwisha, la kushoto lifanyiwe upasuaji haraka kabla halijafuata. Alikuwa amenipa karatasi asiyoijua kwa sababu hakuiona. Nikaikunja karatasi.

"Shangazi, unaniona?"

"Nakuona pua," akasema. "Ukitulia nakuona na mdomo. Kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Sasa funga huo mdomo ninaouona, mama."

Nilimwambia asiyotaka kusikia. Nauza dawa za macho kila siku, najua kilichopotea kwa ugonjwa ule hakirudi, na kilichobaki hakingoji. Nilimpa matone, lakini matone peke yake yalikuwa kama kuzuia mafuriko kwa ufagio. Alichohitaji ni kisu, na kisu hakutaka kusikia kikitajwa. Bibi yangu, mama yao, alikwenda kupasuliwa macho akitembea mwenyewe, akarudi ameshikwa mkono. Shangazi ndiye aliyemshika ule mkono miaka tisa. Sote tulijua bibi alipelekwa kachelewa. Shangazi alijua pia, ila mtu akiogopa hujua anachotaka.

Akanilisha yamini nisimwambie baba. Nikala. Nilikuwa mjinga, na nilimpenda.

Ndipo akanieleza anavyocheza. Kigeugeu ana uungwana mmoja: kabla ya kugeuka hutoa mlio, na kila umbo na mlio wake. Mwashi hugonga kama chuma, Jokofu huvuma, Seremala hukereza, na likija umbo lako mwenyewe hulia mara moja, ting, kama kengele ya mlangoni. Shangazi alicheza kwa masikio. Alikaa mbali kama mtu yeyote ili asishukiwe, kwa kuwa angesogea karibu watu wangeanza kuulizana. Siku za kelele, chumba kikijaa, nilikaa naye benchi moja na kugonga mguu wa benchi kwa kisigino. Moja Mwashi, mbili Jokofu, tatu Seremala. La mwisho nilikandamiza kisigino bila kukiachia, naye akajua atulize mikono. Mbao ilimletea habari. Tulicheka sana kwa ujanja ule, sikatai.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku alipommiminia kinyozi chai ya moto mapajani, kikombe kikiwa kando. Kinyozi hakufoka. Alibadilisha suruali, kisha akaenda moja kwa moja kwa baba.

Baba ni mwalimu wa udereva. Miaka thelathini amekaa pembeni ya watu waoga akikanyaga breki ya pili, kwa hiyo si mtu wa papara. Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, akasimama mlangoni, akamwambia dada yake asome namba ya gari lililosimama ng'ambo.

"Mimi si mwanafunzi wako," shangazi akasema.

"Dada, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Basi usinililie. Ukitaka kuyajua macho yangu, kaa hapo uone ninavyompiga Kigeugeu. Nikimpiga, usinitajie macho tena mpaka unizike. Akinipiga, kesho asubuhi nipeleke kliniki unakotaka, wanikate watakavyo."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Nimekubali," akasema.

Kinyozi alikuwa amemfuata baba, akajibanza kwenye fremu ya mlango kama mtu aliyeleta kesi na sasa anaijutia. Shangazi akaketi benchi la nyuma, nami nikaketi ubavuni mwake nilivyozoea. Akaipuliza kaseti, akaichomeka, akapita ngome nzima huku akimuuliza baba habari za mkewe. Vidole vilikwenda vyenyewe. Kila mlio ulipotoka nilimwona anainamisha kichwa kidogo. Alipofika mlango wa Kigeugeu alibakiwa na roho moja, akifa gemu imekwisha, lakini mara ngapi alishinda kwa roho moja? Nikaanza kupumua.

Hapo baba akanyanyuka, akaifikia televisheni, akaminya sauti mpaka ikaisha.

"Unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Nimewahi kufundisha watu wanaoendesha kwa masikio," baba akasema. "Wanakuwa hodari sana, mpaka siku wanapokutana na baiskeli."

Chumba kikawa kimya, feni tu. Goti la shangazi likaja likagusa langu, likabaki hapo. Huo ndio msaada ninaousema. Katika maisha yake yote hakuwahi kuomba, na aliomba hivyo, bila kunigeukia.

Mlango ukafunguka, kopo la jicho jekundu likaingia, likageuka. Mwashi. Nikagonga moja. Akaruka matofali yote, akarudisha risasi. Likageuka tena, nikagonga tatu, akauhesabu msumeno ukaenda ukarudi, akapiga. Jokofu, mbili. Mwashi, moja. Baba alikuwa ameegemea ukuta, anatazama kioo cha televisheni, anamtazama dada yake, anatazama kioo. Mstari wa uhai wa Kigeugeu ulishuka ukabaki vipande viwili. Kinyozi akanong'ona kwamba mama huyu ni mzima kuliko sisi sote, na nikaona mabega ya baba yanalegea. Alikuwa anaanza kuamini.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Nilikuwa ninamshindia. Dakika moja tu, baba angekwenda zake, asingetaja macho tena, kwa maana baba akisema neno amesema. Na mimi ningebaki na matone yangu nikihesabu lile tundu la ufunguo linavyoziba. Nilimkumbuka bibi alivyopapasa ukuta kutafuta choo, na shangazi mbele yake akisema, kulia kidogo, mama, kulia. Nani angemwambia shangazi kulia kidogo? Ni mimi.

Kigeugeu akageuka kuwa kile kimtu chenyewe, kofia ya chuma na yote.

Nilitakiwa kukandamiza kisigino. Nilikinyanyua. Nikakiacha hewani.

Shangazi akaningoja. Hili halijanitoka hata leo. Mikono yake ilisimama, kichwa chake kikainama upande wangu, na kwa muda wa pumzi moja alinisubiri nimwambie. Laiti angetulia vile sekunde mbili zaidi, angeshinda bila mimi. Lakini alikuwa amezoea kwamba mimi simchelewi, akaona labda mbao ya benchi imeimeza habari, akabahatisha Seremala. Akapiga risasi.

Risasi zilimrudia. Kile kimtu kikapasuka vipande, kioo kikawa cheusi, maandishi ya mwisho yakatokea.

Na shangazi akaendelea kucheza. Bila ule mlio wa kufa hakujua kwamba amekufa. Vidole vikaruka, vikapiga, vikasubiri msumeno urudi, uso umekaza, mbele ya televisheni isiyo na kitu. Kinyozi akaziba mdomo kwa mkono. Baba alivuka chumba polepole, akapiga goti mbele yake, akaitoa pedi mikononi mwake kama mtu anavyomtoa mtoto usingizini.

"Dada," akasema, "imekwisha."

"Nani kashinda?"

Baba akaizima televisheni. Mimi nililia, na sioni aibu kulisema. Shangazi hakulia. Aliondoa goti lake kwenye goti langu, akasogea mwisho wa benchi.

Jumatatu walikwenda. Alipasuliwa wiki ile ile, na daktari akasema angechelewa mpaka mwisho wa mwaka wangekuwa wanazungumza habari nyingine. La kulia lilikuwa limekwisha, hilo tulijua. La kushoto likabaki na tundu lake lilelile, si kubwa, si dogo. Miezi miwili alikaa kwa baba, siku za kwanza na bandeji, siku zote na mdomo wake wote. Alimkalia mama kooni kwa chumvi, alimkosoa baba hata anavyofunga mlango wa gari. Mimi nilikwenda kila jioni na matone. Aliinua uso nikamdondoshea, akasema asante, na zaidi ya hiyo asante sikupata neno. Mtu mwenye maneno mengi akikunyima maneno unaijua joto ya jiwe.

Alipofungua chumba tena nilikuwa nimesimama kaunta, nikamsikia anapuliza kaseti. Baadaye kinyozi akaja kuniambia naitwa. Nikaenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa.

Benchi lilikuwa limehama. Alikuwa amelisogeza mbele mpaka likakaribia kugusa televisheni, bila kujali nani anaona. Alikuwa ameketi uso kwa uso na kioo, na sauti ilikuwa juu. Akapapasa nafasi ya pembeni yake. Nikaketi.

"Siku ile mguu wako ulikufa ganzi, eti?" akauliza, haniangalii.

Alikuwa amenifungulia mlango nipite. Ningesema ndiyo, yangeishia hapo.

"Haukufa ganzi, shangazi. Niliunyanyua."

Fundi viatu aliyekuwa nyuma yetu akajitia hamnazo, akakuna kiatu kilichokuwa mguuni mwake.

"Nilikungoja," akasema.

"Najua."

"Ukirudia nitakuvunja huo mguu, na matone utaninunulia wewe." Akachukua pedi, akaifuta kwa pindo la gauni. Nikaweka kisigino changu kwenye mguu wa benchi, tayari. Akaweka kiganja juu ya goti langu, akalibonyeza chini. "Leo usigonge. Nataka nimwone huyu mshenzi anafananaje."

Akasogeza uso hadi pua inakaribia kioo, akawa anamfuata Kigeugeu kwa lile tundu lake, kichwa kinakwenda kushoto na kulia, juu na chini. Hakumweza. Roboti alikuwa anaruka nje ya tundu kabla hajamshika. Mchana ule alikufa mara tatu, na mara zote tatu alisema "nimekufa" kabla sijamwambia.