Shuka la Kusukumwa na Jua

Mama mkubwa wangu alikunja mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, halafu akakunja tanga moja la chombo cha angani. Watu wanamkumbuka kwa mashuka. Yeye mwenyewe, ukimwona amekaa kimya na chai inampolea mkononi, ujue anawaza lile tanga.

Ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mimi namwita mama tu. Hospitalini walimwita Mama Mashuka, jina likamfuata mpaka sokoni. Alifanya kazi chumba cha kufulia, nyuma ya jengo, penye joto na harufu ya sabuni kali. Mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa ya moto. Yeye na mwenzake walishika pembe, wakavuta, wakakutana katikati kama watu wanaosalimiana, wakarudi nyuma, wakakutana tena. Mwisho alililaza shuka mezani na kulipiga kofi moja katikati. Pa! Kofi hilo lilitoa hewa na kulaza mikunjo, na fungu la mashuka hamsini lilisimama wima bila kuyumba. Nyumbani pia alikuwa hivyohivyo. Taulo, pa. Sare ya shule, pa. Hata mfuko wa nailoni aliukunja vizuri akaupiga kofi, nami nikamcheka.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa. Kaka yangu huyo alilazwa hospitali hiyohiyo, wodi namba nne, kwa ugonjwa wa figo. Alifariki Ijumaa akiwa na miaka kumi na tisa, tukamzika Jumamosi, na Jumatatu mama akarudi kazini. Ndani ya toroli la nguo chafu akaliona shuka la mwanawe. Alilijua kwa doa la chai, kwa sababu chai hiyo alimnywesha yeye, ikamwagika, wakacheka wote wawili.

"Doa lilitoka?" nilimuuliza siku moja.

"Lilitoka. Ile sabuni haishindwi. Nikalikunja, nikalipiga kofi, likaenda kwa mtu mwingine."



Mhandisi mmoja wa vyombo vya angani alimpata mle mle kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa dada mwembamba mwenye miwani, amekuja kumtazama mgonjwa wake, akapotea njia, akasimama mlangoni nusu saa nzima akiangalia mikono ya mama. Halafu akauliza:

"Shikamoo mama. Unaweza kukunja kitu ambacho ukikipumulia kinaruka?"

"Marahaba. Kina ukubwa gani?"

"Kama paa la nyumba ya vyumba vinne."

"Na kikishakunjwa?"

"Kiingie kwenye boksi la viatu."

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, wewe umetoroka wodi gani?"

Lakini alikwenda kituoni kwao, walikotengeneza chombo cha angani. Mashine zao zilikuwa zimechana matanga mawili tayari, na dada yule alikuwa amechoka kulia.

Mimi sayansi yenyewe siijui vizuri, shule niliiacha mapema. Nitaieleza kama mama alivyonieleza jikoni. Roketi ya moto inakipandisha chombo juu tu. Ikifika huko mafuta yamekwisha, na mtu hawezi kubeba mafuta ya kumfikisha mbali, maana mafuta yenyewe ni mzigo. Kwa hiyo pale kituoni walitafuta namna ya kusukuma chombo bila kuchoma kitu. Chumba cha kwanza kilikuwa cha watu wa gesi. Wao waliitia gesi umeme, ikatoka nyuma ya injini kwa mwanga wa buluu, kimya, ndani ya pipa kubwa la chuma lililonyonywa hewa yote. Chumba cha pili kilikuwa cha tanga, na tanga halina injini kabisa. Linasukumwa na jua.

"Mwanga ukigonga kitu unakisukuma," mhandisi alimwambia. "Kidogo sana. Tanga lote hili litasukumwa kwa nguvu kama uzito wa punje tatu nne za mchele."

"Punje tatu! Hizo hazimsukumi hata kuku."

"Lakini jua halipumziki, mama. Na kule hakuna upepo wala barabara ya kukwaruza. Leo punje tatu, kesho punje tatu, mwaka mzima. Chombo kinaongeza mwendo tu, kinaongeza tu, bila tone la mafuta."

Hilo mama alilielewa kuliko nilivyotegemea. Alisema ndivyo alivyonilea mimi.

Fundi gesi, mzee wa makamo asiyejua kupita mlango bila kutania, alimchokoza kila asubuhi. "Mama Mashuka, pazia letu bado? Jua linanichoma dirishani."

"Subiri, nikimaliza nitakushonea na la kufunikia hilo pipa lako. Linakula umeme wa mtaa mzima na halijasukuma hata sisimizi."

"Litasukuma!"

"Basi tuite tuje tumshangilie sisimizi."

Kazi ilikuwa ya watu wawili, mama na msichana mmoja, kwenye meza ndefu. Walivaa suti nyeupe mpaka nywele, glavu mbili mbili, na waya kifundoni wa kutoa umeme wa mwilini uende ardhini. Tanga lilikuwa utando wa plastiki uliopakwa chuma cheupe, unang'aa kama kioo, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Lilikuwa na robo nne, kila robo pembetatu, na kila robo ilikunjwa kama feni ya karatasi kwa wiki tatu. Sheria zilikuwa nyingi, ila kwa mama iliyokuwa kubwa ni moja: usipige kofi. Tabaka mbili zikibanwa zinashikana, na kule juu hakuna mkono wa kuzibandua.

Miaka ishirini na sita ya kofi haitoki kwa siku moja. Alinunua karatasi za kung'aa za kufungia zawadi, tukawa tunakunja pamoja mezani nyumbani. Kila mkono wake ulipoinuka, mimi nilikohoa. Nikikohoa, mkono unabaki hewani, anautazama, anacheka. Baada ya miezi miwili sikuwa nakohoa tena.

"Unajua kwa nini nalipenda?" aliniambia siku moja, anabana ukingo kwa ncha za vidole. "Ni shuka ambalo hakuna mtu atalilalia. Hakuna atakayelitapikia, hakuna atakayefia ndani yake. Litafunguliwa, basi. Nataka nikunje moja la hivyo kabla sijastaafu."

Aliniambia pia kwamba macho hayasaidii sana. Utando wote ni kioo, unaona taa na uso wako tu. Tabaka zikianza kushikana vidole ndivyo vinavyojua, unakutana na ukinzani mdogo kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyopoa.

Robo tatu zilikwisha salama. Jumapili iliyofuata alikuwa anapika, nami nachambua mchele. Akashika mfuniko wa sufuria, akaufunua, akasimama nao mkononi anaonja chumvi kwa mkono wa pili. Mfuniko ule wa chuma huwa hatuushiki bila kitambaa.

"Mama, mkono!"

"Una nini?"

"Umeshika mfuniko."

Akautazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa jirani. Akauweka mfuniko chini taratibu. Malengelenge yalikuwa yanainuka tayari kwenye vidole vitatu.

Sukari alikuwa nayo miaka mingi, sote tulijua. La vidole kufa ganzi hakulisema.

"Tangu lini?"

"Vimelala kidogo tu. Vitaamka."

"Mhandisi anajua?"

"Imebaki robo moja."

"Mama..."

"Robo moja, mwanangu. Nikimwambia ataniondoa mezani, na ana haki. Nitamalizia kwa macho."

Alifunga vidole kitambaa, na kesho yake akavifungua akavaa glavu mbili juu ya malengelenge. Kituo hakiko mbali na kwetu, dakika ishirini kwa miguu. Ningeweza kwenda kumwambia yule dada. Nilifika mpaka kona ya duka la vifaa vya bomba, nikarudi.

Siku ya mwisho ya robo ya nne alinisimulia baadaye, mara moja tu. Mwenzake alikuwa amegeuka kuchukua boksi. Kunjo la mwisho lilikuwa limekaa sawasawa, ukingo juu ya ukingo, na yeye alifurahi. Hajui mkono ulishuka saa ngapi. Hakusikia chochote. Alitazama chini akaona kiganja chake kimelala katikati ya tanga.

"Na hukunikoholea," akaniambia, akajaribu kucheka.

Kuifungua robo ile na kuikunja upya kulitaka wiki tatu, na boksi lilikuwa linasubiriwa baada ya siku nne. Akainamisha kichwa akaangalia ukingo wote, akaona taa na uso wake. Mwenzake akageuka. Wakalifunga. Mhandisi akaja akaangalia, akasaini, akamkumbatia mama mpaka miguu ikainuka.

Chombo kilirushwa. Wiki saba baadaye tukaitwa ukumbini kuona tanga likifunguka; kamera ndogo ilikuwa kwenye ncha ya chombo. Fundi gesi alimwekea mama kiti mbele kabisa, akakipangusa kwa kofia yake. "Kaa hapa, mwenye pazia."

Fito nne zikaanza kutoka taratibu, zikivuta utando. Robo ya kwanza ikafunguka, nyeupe, imenyooka. Watu wakapiga makofi. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikaja mpaka nusu, ikasimama. Ikatetemeka. Ufito ukaendelea kuvuta, na tukaona mstari mweusi unapita katikati ya mwanga, kama mtu anachana barua.

Fundi gesi alivua kofia yake akaishika kifuani.

Jua sasa lilisukuma upande mmoja kuliko mwingine, chombo kikaanza kujizungusha kama jani kwenye maji. Kilikuwa kimetumwa kwenye jiwe moja dogo linalozunguka jua, kilichunguze. Walijaribu siku mbili kukinyoosha, kikagoma. Mhandisi akawaambia watu wake huenda ni ufito ulioleta shida. Siku ya tatu mama akavaa nguo zake za kanisani, akaniambia nimsindikize.

Mhandisi alikuwa peke yake ofisini, macho mekundu. Mama aliweka mikono yake juu ya meza.

"Nichome sindano."

"Mama?"

"Nichome."

Mama akachomoa pini kwenye ubao wa matangazo, akajichoma kidoleni. Tone la damu likatoka. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Robo ya nne niliikunja na hivi. Na niliipiga kofi."

Nikasikia pampu ya pipa la watu wa gesi ikinguruma ukuta wa pili.

"Ungeniambia, mama."

"Ungeniacha nimalize?"

"Nisingekuacha."

"Ndiyo maana."

"Ningekuweka kiti kando ya meza!" Sauti ilimpasuka. "Ungesema, msichana akakunja. Ungekuwa macho yetu. Watu sitini, miaka minane, na wewe hukunipa hata nafasi ya kukuwekea kiti!"

Mama aliinamisha kichwa. Nadhani lile la kiti halikuwa limempitia akilini. Miaka yote hakuna aliyewahi kumwekea kiti kazini ila fundi gesi, siku ile ya ukumbini.

"Andika," akasema mwishowe. "Andika kama ilivyokuwa, ili anayefuata apimwe."

Mhandisi akaandika. Sasa ni sheria pale: kabla ya kuingia, mkunjaji anafumba macho, analaziwa uzi mmoja kwenye ncha ya kidole, aseme uko kidole gani. Jina la mama haliko kwenye sheria hiyo. Alirudisha kitambulisho chake mwenyewe, bila kudaiwa. Mlangoni mhandisi alimshika bega, akasema kwa uchovu, "Tunaanza tanga jingine. Siku ukiusikia uzi, njoo."

Mama amelishika neno hilo. Ameacha sukari kwenye chai, anameza vidonge kwa saa, anatembea mpaka kliniki na kurudi. Fundi gesi hupita mara mojamoja, anakaa kwenye kigoda chetu bila utani.

"Bado linasukumwa?" mama humuuliza.

"Bado. Linajizungusha, lakini linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

"Mbali, Mama Mashuka. Mbali tu."

Kila asubuhi, jua likiingia dirishani, tunakaa mezani pale tulipokunja karatasi za zawadi. Mama ananyoosha mikono, anafumba macho. Mimi nachukua uzi mweupe, naulaza kwenye kidole kimoja. Mwanzoni alikuwa anabahatisha. Siku hizi habahatishi, anangoja.

Leo nimeulaza kwenye kidole cha shahada. Umekaa hapo, jua linaupiga, nauona kivuli chake kwenye ngozi. Nimehesabu mpaka sitini.

"Umeshauweka?" akauliza.

"Bado," nikasema.

"Basi weka, mwanangu."