Kiungo cha Kikoi

Sifa njema zote ni zake Mola, aliyeitandaza bahari akaweka ndani yake riziki na mauti, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Namshukuru kwa umri alionipa, hata nikaliona jambo hili na kulisimulia bila haraka.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alitoka hapa kijijini kwetu Utende peke yake baada ya sala ya alasiri, kwa boti lake dogo la faiba. Liliokotwa siku ya tatu nje ya mwamba. Nyavu zilikuwa zimekunjwa vizuri, na ndara zake zimepangwa pamoja kama za mtu aliyeingia msikitini. Betri ilikuwa imekufa kabisa, imenyonywa na taa, na mashine isingeweza kuwaka. Yeye hakuonekana. Tulimsalia sala ya ghaibu, na dada yangu akakaa eda bila kaburi la kuzuru.

Eda ilipokwisha, mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye watoto, akataka kulirudisha boti kazini. Dada akasema hampi radhi mpaka lifungwe betri mbili. Mimi ndiye ninayefunga umeme wa maboti hapa kwetu, kwa hiyo maisha ya mpwa wangu yakawa mikononi mwangu, baada ya mikono ya Mungu.

Kazi yenyewe si ngumu. Betri moja huachiwa mashine, haiguswi na kitu kingine. Ya pili hulisha taa na pampu ya maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya boti. Hata taa ikiimaliza ya pili, ile ya kwanza itakuwashia mashine urudi kwako. Sharti ni moja: zisichanganyike.

Chini ya ubao wa omo, kule mbele ya boti, nilikuta kiungo cha waya alichokifunga marehemu. Alikuwa amekosa utepe, akakizungushia kipande cha kikoi chake. Nikachukua koleo nikikate. Dada, aliyekuja kutazama, akanishika mkono.

"Kaka, hicho kiache. Kaburi sina. Nina hicho."

Nikakiacha. Nikapitisha waya mpya kandokando yake, nikarudisha ubao, nikamwambia mpwa wangu kazi imekwisha.

Kesho yake maji yalikuwa yamekupwa, boti limelala ubavu mchangani. Tulipotoka kusali alasiri tukaona taa ya omo inawaka, ya njano, jua likiwa bado kali. Hapakuwa na mtu ndani. Swichi kuu ilikuwa imezimwa na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu. Ikawaka kwa muda wa kutosha kusoma Yasini, kisha ikafifia.

Jirani mmoja akanitania. "Mzee, umemfungia mpwa wako taa, au umemfungia shemeji yako?" Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Wote tulikumbuka kwamba marehemu alikuwa akiijaribu taa yake wakati ule, kabla ya kutoka.

Siku ya pili ikawaka tena, alasiri vilevile. Mpwa wangu alikuwa amepanga kutoka siku ya nne, naye akaniuliza kwa sauti ya chini kama aahirishe. Nikamwambia ngoja kwanza.

Siku ya tatu ilipowaka niliingia botini na mita yangu. Nikapima betri ya taa, imeshuka. Nikapima ya mashine, ambayo haikupaswa kuguswa: imeshuka vilevile, kiasi kilekile. Nikafungua ubao. Kile kikoi kilikuwa kimelowa maji ya chumvi, nacho kilikuwa kimeunganisha waya wangu na waya wa marehemu, uliokuwa bado umeshika betri ya mashine bila kupitia swichi. Nilikuwa nimefunga betri mbili zilizo moja. Mpwa wangu angekwenda kufia palepale alipofia baba yake.

Nikamwita dada nikamweleza.

"Nipe hilo koleo," akasema.

Akakata mwenyewe. Taa ikazimika, wala haijawaka tena bila mkono wa mtu. Kipande cha kikoi akakifunga katika pindo la kanga yake.

Kila anayeniuliza humwambia ni chumvi, na boti kulala ubavu hata waya zikagusana. Ni kweli. Lakini maji huchelewa kupwa kila siku, karibu saa nzima. Siku ile ya tatu boti lilikuwa bado linaelea; nililifikia nikiwa na maji kiunoni. Taa haikufuata maji. Ilifuata alasiri.

Wafu siwasemei, habari zao ziko kwa aliyewachukua. Mpwa wangu alitoka, akarudi, na hadi leo anarudi.

Nawe uliyesoma, Mwenyezi Mungu akujaalie wa kukupokea ufukweni kila utokapo, na wale wako wasiorudi awape makao ya nuru. Amin.