Macho ya Tembo wa Magunia

Macho yalikuwa mawili tu, na resini ilikuwa imekwisha.

Mjomba, kaka yake mama, ana kikundi cha maigizo hapa Kilosa. Mchezo wao ni wa tembo wanaotoka hifadhini usiku na kumaliza mahindi ya watu. Tembo mwenyewe walimshona kwa magunia juu ya waya, watu wawili wakaingia ndani yake. Alikosa macho. Wakati huo nilikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, nikisugua taa za magari zilizogeuka njano mpaka zing'ae tena. Mjomba akanifuata huko.

"Wewe unafufua taa," alisema. "Njoo unifanyie macho."

Tulimimina resini, ule utomvu wa dukani unaoganda kama kioo, kwenye upawa uliopakwa mafuta, tukatia rangi ya kahawia katikati. Macho yalipokauka yalikuwa na mikwaruzo na ukungu. Kazi yangu ilikuwa kuyang'arisha yaonekane mabichi, kama yenye machozi. Siku iliyofuata tulikuwa tunakwenda kuonyesha mchezo kijijini Tindiga.

"Wale wamekutana na tembo shambani," mjomba alisema. "Ukiwapelekea mwenye macho makavu, watakucheka mpaka ufike kwako."

Niliketi karibu na dirisha, ndoo ya maji mbele yangu. Nilianza na msasa mkali, nikafuata laini, kisha laini zaidi. Kila msasa unafuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Ukiruka mmoja, mikwaruzo inabaki ndani na dawa ya kung'arishia haitaificha. Ni kazi ya polepole. Mimi naiweza kwa sababu haihitaji kuongea.

Saa sita mjomba akaingia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiangalia mikono yangu.

"Bado tu? Unalisugua au unalibembeleza?"

"Mwache," alisema mama anayecheza miguu ya mbele ya tembo, akiwa anashona sikio. "Anamwimbia tembo alale."

Wote walicheka. Nami nilicheka kidogo, nimeinama.

Mjomba akatoka, akarudi na grinda ya jirani iliyofungwa sponji. Akaichomeka kwenye umeme. "Dakika mbili tu. Lete hilo moja."

Nilijua. Mikumi niliwahi kuona taa ikishikiliwa kwenye mashine kama ile. Sponji inapata moto, plastiki inalainika, na ukungu unaingia ndani. Lakini huyu ni mjomba wangu, na watu walikuwa wamejaa chumbani. Kwetu kijana hamsahihishi mjomba wake mbele za watu. Nilimpa jicho kwa mikono miwili.

Kwanza ilikuja harufu. Alipozima mashine, jicho lilikuwa jeupe kama la samaki aliyepikwa.

Hakuna aliyecheka. Mjomba akaligeuza, akaligeuza tena.

"Resini mbovu hii," alisema. Akanyoosha mkono. "Lete la pili. Hili nitakwenda nalo taratibu."

Jicho la pili lilikuwa kwenye kiganja changu. Nikakifunga. Mkono wake ulikuwa bado mbele yangu. Nikilitoa, tembo atakwenda Tindiga kipofu. Nikikataa, sikujua nitalala wapi, maana nilikuwa nakaa kwake.

"Hapana, mjomba."

"Unasemaje?"

"Litaungua. Si resini. Ni moto wa mashine."

Mama wa miguu ya mbele akaacha kushona. Mjomba akaushusha mkono. Hakuuliza nililoogopa kuulizwa, nikadhani nimepona. Kisha akauliza.

"Na lile la kwanza, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanipa?"

"Nilikupa."

"Kwa hiyo nimekuwa mjinga mbele ya watu hawa kwa ajili ya adabu yako."

Alichomoa waya, akauviringa kwenye grinda polepole mno, nikangoja kufukuzwa. Badala yake akavuta ndoo tupu, akaipindua, akaketi karibu nami na jicho lililoungua.

"Naanza na upi?"

Nikampa msasa mkali kuliko yote. Alisugua kwa haraka na kwa hasira. Alipotaka kuhamia msasa wa pili na unga wa ule wa kwanza vidoleni, nilimwambia anawe kwanza. Akanawa. Mama wa miguu ya mbele alikohoa, mjomba akamkata jicho, naye akarudi kwenye sikio lake.

Jua lilipopungua langu lilikuwa tayari. Lake halikuwa tayari. Tulirudi kulisugua asubuhi, mpaka gari linapakiwa. Ukungu ulikuwa umeingia ndani sana, na kila tulipoufuata jicho lilipungua. Lilipong'aa hatimaye, lilikuwa dogo kuliko lenzake, hata mtoto angeona.

Mjomba alilibandika mwenyewe upande wa kulia. Kisha akainama kwenye tumbo la magunia, akawaambia waliokuwa ndani kwamba Tindiga tembo huyu asigeuze kichwa kushoto hata kidogo, watazamaji wasije wakaliona jicho dogo, na wakitaka kujua kwa nini liko hivyo, waniulize mimi mpwa wake, siku hizi nasema.