Karatasi Nilizozibandua kwenye Chipu

Namba zile nilizifuta mimi. Niseme hivyo kwanza, kwa sababu kwa miaka mingi nilizoea kusema "zilifutika", kana kwamba zilijifuta zenyewe.

Nilikuwa kijana, karani wa vipimo katika ofisi ndogo ya maji pale Mtwara. Kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma kilikuwa kimehamishiwa bondeni wakati watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, na kila masika maji yaliingia majumbani. Kila wanakijiji walipolalamika, wakubwa walijibu kwamba maji hayafiki huko, kwamba wanakijiji wanatafuta kisingizio cha kurudi kwenye mikorosho yao ya zamani. Mhandisi wetu, mtu wa bara asiye na maneno mengi, akafunga kijijini kifaa cha wafadhili kilichopima kina cha maji kila saa na kukiandika ndani ya chipu za kumbukumbu. Masika yalipoisha aliniletea chipu sita. Kila moja ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, kimefunikwa kwa kipande cha karatasi.

"Kikao cha kuamua kama kijiji kihame ni baada ya miezi mitatu," alisema. "Nataka namba tu."

Ya kuzisomea tulikuwa na kompyuta ya bodi moja, yenye vitufe na tarakimu nyekundu. Hakukuwa na wa kunifundisha. Kwa kijitabu chake na kamusi, niliandika programu ya kuendesha kisomeo cha chipu. Wiki ya tatu kikasoma. Niliyaona maji yakipanda saa baada ya saa. Lakini hapa na pale ilitoka namba ya ovyo. Mtu mwingine angechukua penseli, akanakili zote, akaziruka zile mbovu. Mimi nilikosa usingizi. Niliwaza: kisomeo kinachokosea kusoma, siku moja si kitakosea kiandike juu ya kumbukumbu yenyewe? Nikaanza upya, nikijaribia chipu tupu ya akiba. Nikakata waya wa umeme wa kuandikia. Nikapanga kila namba isomwe mara tatu, na umeme uzimwe kabla chipu haijachomolewa. Nilijivunia sana uangalifu huo.

Zile karatasi za mgongoni zilikuwa zimeota ukungu, na wino wa mhandisi ulikuwa umechuruzika. Zilinikera. Nikazibandua zote, nikafuta gundi kwa pamba na spiriti, nikaagiza nyingine Dar es Salaam. Hazikuja, miaka ile hata sabuni haikuja. Chipu nikazipanga kwa mstari dirishani, dirisha la wavu tu lisilo na kioo, jua la asubuhi lizikinge na unyevu.

Mwenyekiti wa kijiji alipita kila alipopata lori la kumleta mjini.

"Mwanangu, mashine imeshasema?"

"Bado, mzee. Naitengeneza iwe safi."

"Hata bibi harusi hasingwi muda wote huo," alisema, na mpiga chapa wetu akacheka hadi akaacha kazi.

Programu ilipofika mahali nikakosa cha kurekebisha, niliweka chipu ya kwanza. Kila namba ilitoka ileile, namba ya chipu tupu. Ya pili hivyohivyo. Hadi ya sita. Nikafungua kurasa za mwisho za kijitabu, nilizoziruka kwa kuwa zilihusu chipu, si programu. Kidirisha kifunikwe wakati wote. Mwanga wa jua hufuta kumbukumbu.

Mhandisi aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama.

"Hata plasta ya zahanati ingetosha," alisema.

Kikaoni alieleza kwamba hakuna vipimo. Hakunitaja. Kijiji kikaambiwa kibaki pale kilipo.

Mwenyekiti nilimweleza mwenyewe, barazani pa ofisi.

"Kwa hiyo yaliandikwa, jua likayafuta."

"Mimi ndiye niliyeyaweka juani, mzee."

"Na sasa?"

"Tutafunga kifaa tena masika yajayo."

"Yaani tuingiwe na maji tena, ndipo uandike."

"Ndiyo."

"Mwaka huu watoto tuliwalaza juu ya uchaga, pamoja na mahindi," alisema. "Haya. Ngoja nikawaambie."

Akaenda kutafuta lori. Masika yaliyofuata niliomba mvua. Niliomba inyeshe sana, ifike hadi majumbani mwao.