Kidole Gumba cha Fundi Najua

Mtaa mzima ulimwita Fundi Najua, na jina hilo alilitolea jasho. Ukimpelekea kiti kilicholegea mguu, ukaanza kumweleza kilivyoanguka, anakukata maneno: "Najua." Ukimwambia mvua hiyo inakuja, aanue mbao zake, anajua. Hata mkewe alipomnong'oneza kwamba ana mimba ya kwanza alijibiwa hivyo hivyo, na mpaka leo mama huyo hukisimulia kisa hicho bila kucheka sana.

Ubaya ni kwamba kwenye mbao alikuwa anajua kweli. Milango yake haikukwama wakati wa mvua wala kulegea wakati wa jua. Macho yalikuwa yameanza kumchezea, lakini akipitisha kidole gumba cha kulia juu ya ubao aliotoka kuupiga randa, alihisi kijikwaruzo ambacho mimi na wewe tusingekiona hata kwa taa. Siku hizi kidole hicho ndicho kilichokuwa macho yake. Kikienda, na ufundi umekwenda, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwa ufundi huo.

Basi kibanzi kikaingia humo humo, pembeni ya ukucha. Alikichomoa kwa meno, akatema, akaendelea na msasa wake. Siku ya nne kidole kilikuwa kimevimba na kinapwita. Siku ya sita mkewe alimshika mkono wa pili akamkokota mpaka zahanati, mzee akilalama njia nzima kwamba ana meza ya watu haijakwisha.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye foleni iliyofika nje ya lango. Alikipasua kidogo kidole hicho, akatoa usaha, akasafisha, akafunga. Akauliza kama penisilini imewahi kumdhuru, akajibiwa la. Ndipo akamwandikia sefaleksini: kapsuli ishirini na nane, moja kila baada ya saa sita, kwa siku saba.

"Vijidudu vya ngozi kama hivi, dawa hii inavimudu vizuri," alisema. "Ila usiache katikati, hata ukijiona umepona. Na namna ya kutumia..."

"Najua, daktari."

Daktari alitupa jicho kwenye foleni, akamwamini. Simlaumu sana, ingawa kidogo namlaumu.

Fundi alirudi karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akafikiri kama fundi. Ubao ukipata ufa, gundi unaitia kwenye ufa. Hakuna aliyewahi kuitia kwenye mguu wa meza akitegemea ipande yenyewe mpaka juu. Ugonjwa uko kidoleni. Tumbo lake lilikuwa zima, halikumkosea mtu. Kwa hiyo akaivuta kapsuli ikaachana vipande viwili, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda, akafunga kitambaa. Kila saa sita, bila kuchelewa hata mara moja. Wapo wengi wanaofanya hivyo, kwa hiyo tusimcheke. Ungemtafuta mgonjwa mtiifu kama yeye usingempata, ila utii wenyewe ulikuwa wa upofu.

Kilichommaliza ni kwamba unga huo ulionekana kumsaidia. Unga ulikausha kidonda kwa juu, kikafanya gamba gumu.

"Unaona?" alimwonyesha mkewe.

Mkewe aliangalia gamba, akamwangalia na mwenyewe usoni. "Naona," akasema.

Chini ya gamba, usaha ulikosa pa kutokea, ukageukia ndani.

Siku ya nane tangu apewe dawa alirudi zahanati anatetemeka kwa homa, mkono umevimba hadi kiwiko.

"Dozi umemaliza?" daktari aliuliza.

"Zote. Haikubaki hata moja."

Wala hakusema uongo. Daktari akaingiwa na hofu, maana kama dawa yote imeingia mwilini na hali ndiyo hii, basi vijidudu hivi vimeizoea. Alimpeleka hospitali kubwa saa ile ile, na barua ya kueleza kwamba sefaleksini imeshindwa. Huko walichukua usaha wakaupeleka maabara, wakaanza kumpa dawa nyingine kali kwa mshipa, wakampiga picha ya mkono. Picha ilionyesha mfupa wa kidole umeshaliwa.

Majibu ya maabara yalitoka siku ya tatu. Muuguzi aliyasoma mara mbili, amesimama kando ya kitanda.

"Mzee wangu, hii ajabu. Vijidudu vyako vinakufa kabisa kwa sefaleksini ile ile. Kwani ulikuwa unaimeza kwa maji, au kwa kitu gani?"

"Kuimeza?" Fundi alicheka kidogo. "Mwanangu, kidonda si kiko kidoleni?"

Muuguzi hakucheka. Alivuta kiti, akamweleza taratibu kwamba dawa ile hupita tumboni ikaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoifikisha mpaka ndani ya nyama. Ule unga wa juu ulikuwa unafanya kidonda kionekane kizuri tu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa geni kwake. Alitaka kuuliza kama akizimeza sasa zitafaa, lakini jibu akaliona kwenye uso wa binti yule.

Kidole walikikata kesho yake asubuhi, chote, mpaka kwenye kiganja.

Alipotoka hospitali alipewa kapsuli za kumalizia, sefaleksini tena. Mchana huo mkewe alimkalisha dirishani, mkono umefungwa donge la bandeji, akamletea kapsuli moja na kikombe cha maji.

"Wiki ile," mzee alisema, "wewe hukuniona nilivyokuwa nafanya?"

"Nilikuona."

"Lini?"

"Siku ya kwanza tu. Nilikuwa naanua nguo. Nikakuona unazimenya kama karanga."

"Na ulikuwa unafahamu zinamezwa?"

"Nimelea watoto watano, baba watoto. Nitakosaje kufahamu?"

"Sasa mbona ulikaa kimya?"

Mama alikuwa analia bila sauti. "Nilikuja mpaka mlangoni mara mbili. Nikafikiria utakavyonifokea mbele ya wateja, nikarudi jikoni. Nikasema moyoni, si kidole tu, kitapona. Kidole tu! Nisamehe."

Mzee aliona aibu iliyomchoma kuliko kidonda. Alifungua mdomo amwambie kosa si lake. Mkewe akadhani yuko tayari, akamwekea kapsuli juu ya ulimi, akamshikia kikombe, na hakuondoka mpaka alipoona ameimeza.